Asilimia ya Nini?

Msikilizaji, chukua karatasi na kalamu, maana redio haina ubao na mimi hapa sina chaki. Jioni hii nazungumza zaidi na ninyi mlioko vyuoni mnaojiandaa kufundisha Hisabati. Lakini mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita, na mwenye duka anayefunga hesabu zake muda huu, nao wasogee karibu. Tarakimu nitazisema polepole.

Tuanze na hesabu iliyofanyika hadharani. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya fedha kwa simu. Kwa muamala mkubwa kabisa, tozo ilikuwa shilingi 10,000. Watu wakapiga kelele, na Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikawa 7,000. Julai iliyofuata ikashushwa tena hadi 4,000, na hilo likatangazwa kuwa punguzo la asilimia 43. Swali langu ni hili: tangu ilipoanza hadi hapo, tozo hiyo ya juu ilipungua kwa asilimia ngapi?

Wape swali hili watoto wa kidato cha pili uone. Wengi watachukua 30, watajumlisha na 43, watakuletea 73, tena kwa kujiamini. Sasa waombe wahakiki. Kama kweli zingeondoka 73 katika kila mia, ya shilingi 10,000 ingebaki 2,700. Lakini kilichobaki ni 4,000. Kutoka 10,000 hadi 4,000 zimeondoka 6,000, yaani asilimia 60 kamili. Zile 13 zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote, na aliyetangaza hakusema uongo. Zile 30 zilikuwa asilimia ya 10,000. Zile 43, ambazo ukipiga kikokotoo ni 42 na ushee, zilikuwa asilimia ya 7,000. Asilimia mbili zenye misingi tofauti hazijumlishwi, kama vile hujumlishi kilo na lita. Mtoto anayepata 73 anajua kujumlisha vizuri sana. Asichokijua ni kuuliza: asilimia ya nini?

Nami nashikilia kwamba swali hilo ndilo somo lote la hesabu za biashara. Faida, hasara, punguzo, kodi, riba, makato ya mshahara, vyote vinakaa juu yake. Mwalimu akifundisha kanuni sita bila swali hilo, kafundisha nyimbo sita.

Ninaweka mkazo kwa sababu sura hii huonwa nyepesi. Mwanachuo akienda kwenye mazoezi ya kufundisha hupewa hii, ikiaminika haina kona kama jiometri wala aljebra. Naye anaandaa andalio la somo kwa nusu saa: anaandika ubaoni faida gawanya kwa bei ya kununulia zidisha kwa mia, anatoa mifano mitatu ya baiskeli na redio, anaacha zoezi, kengele inalia. Kila mtu kaondoka na majibu sahihi. Kisha matokeo ya kidato cha nne yanatoka na Hisabati iko mkiani kama kawaida yake, tunashangaa.

Tena si somo la juzi. Leonardo wa Pisa, yule anayeitwa Fibonacci, baba yake alikuwa ofisa wa forodha wa wafanyabiashara wa Pisa katika bandari ya Bugia, ambayo leo iko Algeria. Kijana akajifunza huko tarakimu hizi tunazotumia, akazipeleka Ulaya katika kitabu chake cha mwaka 1202. Sehemu kubwa ya kitabu kile ni bei za bidhaa, kubadilishana mali, kugawana faida za ushirika na kuchanganya madini ya sarafu. Watu wanamkumbuka kwa fumbo lake la sungura tu. Na huku kwetu pwani, kabla ya kilo kufika, watu walikuwa wakipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na mizigo mikubwa kwa frasila. Aliyekaa kwenye jahazi bila kujua uwiano alirudi nyumbani bila shehena.

Haya, tushuke sokoni. Mfanyabiashara wa Kariakoo ananunua kitenge kwa 8,000, anakiuza kwa 10,000. Faida ni 2,000. Kitabu cha shule kinasema gawanya kwa bei ya kununulia: 2,000 kwa 8,000 ni asilimia 25. Vizuri. Lakini kaa na yule mfanyabiashara jioni, umuulize faida yake ni asilimia ngapi, huenda akakwambia 20. Usimcheke. Yeye jioni haoni bei za kununulia. Anaona droo yenye mauzo. Katika kila 10,000 iliyoingia, 2,000 ni yake. Kwake msingi ni mauzo, na 2,000 kwa 10,000 ni asilimia 20.

Wote wawili wako sahihi, ila hapa kuna shimo, na watu wanatumbukia humo kila siku. Tuseme droo ina 300,000. Akizidisha kwa asilimia 20, faida ni 60,000. Mwanawe aliyesoma, aliyekariri kwamba faida ni asilimia 25, akizidisha 300,000 kwa asilimia 25 anapata 75,000. Akimshauri mzazi atoe 75,000 za matumizi, siku hiyo wamekula 15,000 za mtaji. Wakifanya hivyo mwezi mzima, duka linaanza kuwa na rafu tupu na nyumba nzima inatafuta mchawi. Watu wa biashara wana neno lao kwa jambo hili, kula mtaji, na mara nyingi chanzo chake ni asilimia iliyotundikwa kwenye msingi usio wake.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, mtoto wa mwenye duka akinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, mbona baba hahesabu hivyo?" usimwambie akae chini. Mwite ubaoni. Mwambie aeleze baba anahesabuje. Nakuhakikishia dakika zile kumi zitafundisha kuliko ukurasa mzima wa baiskeli na redio.

Na ukitaka mfano wenye utamu zaidi, acha vitenge, chukua maandazi. Karibu kila darasa lina mtoto ambaye mama yake anakaanga maandazi. Tuweke bei za mfano. Unga kilo mbili, 4,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta, 3,000. Hamira, 500. Mkaa, 1,000. Jumla 10,000. Yanatoka maandazi 70, kila moja 200, mauzo 14,000. Faida 4,000, asilimia 40 ya gharama. Biashara nzuri!

Sasa ngoja. Katika yale 70, mawili yameungua kidogo, mawili wamekula watoto kabla ya kwenda shule, moja kapewa mjukuu wa jirani. Matano tu. Yaliyouzwa ni 65, na mauzo ni 13,000. Gharama haikubadilika, ni 10,000 ileile. Faida imekuwa 3,000, asilimia 30. Angalia kilichotokea: maandazi yaliyopotea ni saba hivi katika kila mia, lakini faida imepungua kwa robo nzima, kutoka 4,000 hadi 3,000. Kwa nini? Kwa sababu andazi lililopotea halitoki kwenye gharama, gharama ilishalipwa. Linatoka lote, shilingi 200 nzima, kwenye faida.

Mtoto akiielewa hesabu hii ataelewa kwa nini mama anakuwa mkali asubuhi. Tena hapo hatujaweka jasho la mama aliyeamka saa kumi usiku, wala nauli, wala ushuru wa soko. Waulize wanafunzi: jasho la mama liingie kwenye gharama au lisiingie? Waache wabishane. Wahasibu wenyewe hubishana.

Nikiwa bado sokoni, niseme kuhusu lumbesa, kwa ajili yenu mtakaopangwa vijijini. Msikilizaji wa mjini anajua sado, kile kikopo cha rangi cha lita nne ambacho siku hizi kinapima maharage na mchele. Sado tano, debe moja la lita ishirini. Mkulima wa viazi au vitunguu yeye anajua lumbesa: gunia linajazwa, kisha linashonewa kofia juu, linajazwa tena, na bado linauzwa kwa jina la gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku lumbesa, na kilo 100 ndiyo mwisho wa gunia la mazao, lakini kofia zinaendelea kushonwa.

Chukua gunia la kilo 100, bei 60,000, yaani 600 kwa kilo. Lumbesa imebeba kilo 130 kwa 60,000 ileile. Mnunuzi kapata nyongeza ya asilimia 30. Je, mkulima kapoteza asilimia 30? Hapana. Kila kilo yake imeuzwa kwa 461 na senti, badala ya 600. Bei yake imeshuka kwa 23 hivi kwa mia. Ukitaka kuona bila kikokotoo: mzigo wa magunia 13 halali umeuzwa kama magunia 10. Kwa mnunuzi, 3 juu ya 10. Kwa mkulima, 3 kati ya 13. Ni viazi vilevile, kilo zilezile 30, asilimia mbili. Na dalali atakayetaka kumpoza mkulima atatumia ile ndogo.

Twende kwenye risiti. Kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Ilipoanza mwaka 1998 ilikuwa 20, ikashushwa 2009. Kenya wanatoza 16. Walimu wengi huuliza swali la upande mmoja: bidhaa ni 50,000, kodi 18, mteja atalipa ngapi? Mtoto anajibu 59,000, mnapongezana. Geuza swali. Mteja kalipa 59,000, kodi imo ndani. Kodi ni kiasi gani?

Hapo darasa zima litachukua asilimia 18 ya 59,000, lipate 10,620. Jibu sahihi ni 9,000. Kosa ni 1,620, na ni kosa lilelile la tozo, lilelile la kitenge: 18 ni asilimia ya bei kabla ya kodi, siyo ya hela uliyotoa mfukoni. Hela uliyotoa ni sehemu 118, na kodi ni 18 katika hizo, ambayo kwa ufupisho ni 9 kwa 59. Kwa msikilizaji wa upande wa Kenya, ni 16 katika 116, yaani 4 kwa 29. Waambie wanafunzi waje na risiti za mashine kutoka nyumbani, za dukani au za kituo cha vifaa vya ujenzi. Kodi imeandikwa pale. Wakokotoe, walinganishe. Risiti ya kweli haina namba za kupendeza kama za kitabu, ina senti zake na makadirio yake, na hilo lenyewe ni somo.

Sasa riba. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo hesabu mbaya inavunja nyumba.

Kanuni ya shuleni mnaijua: mtaji zidisha kiwango zidisha muda, gawanya kwa mia. Ni nzuri, ni safi, na ndani yake imefichwa dhana moja ambayo hatuwaambii watoto: kwamba mkopaji anakaa na mtaji wote mpaka siku ya mwisho, ndipo anarudisha wote kwa mkupuo. Ni mkopo gani mtaani unaokwenda hivyo? Mikopo yetu inarejeshwa kwa mwezi, kwa wiki, na mingine kwa siku.

Tuchukue mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kiwango hicho sijakiokota. Ndicho ukomo ambao Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Mkopeshaji wa kwanza anatumia riba flati, yaani kila mwezi anatoza 3.5 kwa mia ya 1,200,000, hata kama umesharudisha nusu. Hiyo ni 42,000 kwa mwezi, mara 12, riba yote 504,000.

Mkopeshaji wa pili anatoza 3.5 ileile, lakini kwenye salio linalobaki. Kila mwezi unarudisha 100,000 za mtaji. Mwezi wa kwanza salio ni 1,200,000, riba 42,000. Mwezi wa pili salio 1,100,000, riba 38,500. Mwezi wa tatu 35,000. Inashuka 3,500 kila mwezi hadi mwezi wa mwisho, ambapo salio ni 100,000 na riba 3,500. Ukijumlisha zote, na hapa mwanafunzi wa kidato cha nne atafurahi kukutana na ule mfululizo wa moja hadi kumi na mbili ambao jumla yake ni 78, unapata 78 mara 3,500, sawa na 273,000.

Matangazo yote mawili yanasema 3.5 kwa mwezi. Mmoja anachukua 504,000, mwingine 273,000. Tofauti ni 231,000 kwa mkopo mmoja. Kwa hiyo mtu akikwambia riba ni tatu na nusu, swali letu linarudi lilivyo: ya nini? Ya deni nililochukua, au ya deni ninalodaiwa leo?

Halafu ndiyo ile mikopo ambayo mtaa umeipa jina kausha damu. Nachora mfano mmoja. Mama anakopa 100,000. Anakatwa 10,000 palepale ya fomu, anaondoka na 90,000. Kila siku, kwa siku 30, anapita kijana wa kukusanya rejesho, 4,000. Jumla anarudisha 120,000. Mkopeshaji anasema riba ni 20 tu kwa mia. Mwalimu aliyeishia kwenye kanuni atakubali: 20,000 kwa 100,000, asilimia 20.

Tupige upya. Mkononi alipata 90,000. Katoa 120,000. Gharama ya mkopo ni 30,000. Kwa 90,000, tayari ni theluthi moja, 33. Lakini je, alikaa na zile 90,000 kwa mwezi mzima? Alianza kurudisha kesho yake! Siku ya kumi na tano ameshatoa 60,000. Kwa wastani, pesa ya mkopeshaji iliyokuwa kweli mkononi mwake mwezi ule ni kama nusu, 45,000 hivi. Kalipa 30,000 kwa kutumia 45,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni theluthi mbili. Ukiipiga kwa njia makini zaidi, siku kwa siku, unapata karibu 60 kwa mia kwa mwezi. Tangazo lilisema 20.

Sikusudii kumfanya mwalimu awe mwanaharakati. Nasema hesabu hii ina kujumlisha, kutoa, kugawanya na wastani, basi. Mtoto wa kidato cha kwanza anaiweza. Ila haimo kwenye zoezi kwa sababu haimo kwenye kanuni.

Riba mchanganyo nitaipita haraka. Wengi mnaifundisha kama mlima wa vipeo. Mwambie mwanafunzi achukue deni la 100,000 linaloongezeka asilimia 30 kila mwezi bila kulipwa, naye azidishe 1.3 mara kumi na mbili kwa mkono, mstari kwa mstari. Akifika mwisho atakuta zaidi ya 2,300,000. Wengi wanatarajia 460,000, maana wamezidisha 30 kwa 12. Hapo akishashtuka, mpe kipeo kama njia ya mkato, atakipokea kwa mikono miwili.

Na jambo la pembeni, lakini kwa Zanzibar, Tanga na Kigoma si la pembeni hata kidogo: kutakuwa na mwanafunzi atakayekwambia riba ni haramu nyumbani kwao. Usibishane naye wala usimruke. Mwambie ahesabu murabaha: mwenye mali ananunua kitu, anamuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa na kukubaliwa wazi, mteja analipa kidogokidogo. Hiyo ni sura ya faida aliyokwisha kuisoma, na mtihani wa riba ataufanya akijua anachokihesabu.

Nimebakiza jambo ambalo ni lako mwenyewe, mwalimu mtarajiwa: hati yako ya mshahara. Mimi ningekuwa na mamlaka ningeifanya mfano wa kwanza katika kila chuo cha ualimu. Tuseme umeajiriwa serikalini, mshahara wa msingi 700,000. Namba hii ni ya mfano, usiniletee barua.

Mfuko wa hifadhi ya jamii unakata asilimia 5 ya mshahara, 35,000. Kinachobaki, 665,000, ndicho kinachotozwa kodi ya mapato; wengi wanasahau, wanatoza kodi 700,000 nzima. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, lakini ya kinachozidi 520,000 tu. Kwako kinachozidi ni 145,000, na asilimia 20 yake ni 29,000. Jumla ya kodi 49,000.

Bima ya afya asilimia 3, na hii inarudi kwenye mshahara wa msingi: 21,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 105,000. Jumlisha 35,000, 49,000, 21,000 na 105,000. Ni 210,000. Unabaki na 490,000. Katika karatasi moja una asilimia nne hadi tano, na hazikai kwenye msingi mmoja. Sijui zoezi gani la kitabu lenye utajiri huo.

Waliotutangulia walikuwa na mstari mmoja zaidi. Hadi mwaka 2021 deni la Bodi lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani yake. Mtu mwenye deni la 9,000,000 aliongezewa 540,000 kwa mwaka, 45,000 kwa mwezi. Akikatwa 105,000, zilizopunguza deni hasa mwezi wa kwanza zilikuwa 60,000. Ndiyo maana walimu walikuwa wakilalamika kwamba wanakatwa na deni halisogei, na hesabu iliwaunga mkono. Tozo ile ilifutwa mwaka huo.

Rudi kwenye 490,000 zako. Utaratibu wa utumishi unataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi ya 700,000 ni 233,333. Kwa hiyo wakopeshaji wanajua, hata kabla hujawajua wao, kwamba bado kuna 256,667 kwa mwezi zinazoweza kukatwa. Watakufuata na fomu shuleni, mapumziko ya saa nne, ukiwa na chai mkononi. Wengine watataka na kadi ya benki iwe dhamana. Ukiwa na fomu mbele yako, tafuta mambo matatu kabla ya kalamu: unapewa mkononi kiasi gani, utarudisha jumla ngapi, na riba inapigwa kwenye deni la mwanzo au kwenye salio.

Na tumalizie kwa uzushi mmoja wa chumba cha walimu. Utasikia mtu anasema, "Mimi nyongeza hii siitaki, itanivusha daraja la kodi, nitapata pungufu kuliko sasa." Huyo anadhani asilimia 25 inayoanzia 760,000 itaangukia mshahara wake wote. Tuchukue aliye na 755,000 za kutozwa kodi, akaongezwa 10,000, akafika 765,000. Shilingi 5,000 za kwanza za nyongeza bado ziko kwenye daraja la 20, kodi yake 1,000. Zile 5,000 za pili zimevuka, kodi yake ni asilimia 25, yaani 1,250. Kodi iliyoongezeka ni 2,250. Mshahara uliokuwa chini ya mstari haukuguswa. Katika 10,000 aliyoongezwa, kodi inamwachia 7,750.